Nimeteuliwa mwakilishi wa usalama kiwandani, naanzia wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo kaka. Mi nafanya kazi kiwanda cha samaki hapa Mwanza, nakaa Igoma, niko upande wa minofu mwaka wa pili sasa. Wiki iliyopita supavaiza kaniambia nimeteuliwa mwakilishi wa usalama na afya wa shifti yetu, nikapewa kizibao cha rangi ya machungwa na daftari basi, semina hamna. Ninavyojua usalama kazini ni gambuti, aproni na kofia, na gambuti zenyewe nilizopewa aliziacha mtu alieondoka, zimeisha chini. Wenzangu wananiuliza maswali nashindwa kujibu. Hii kitu ni nini hasa na naanzia wapi? Alafu nikiona kitu cha hatari nikakataa kufanya si nitafukuzwa?"

Marahaba mdogo wangu, wabeja sana kwa swali. Hicho kizibao mi nilianza nacho vilevile, kiwanda cha samaki hichohicho cha aina yako, kabla sijaenda kusomea hii kazi na kuifanya kwenye viwanda, magodauni na saiti za ujenzi huku kanda ya ziwa, kwahiyo nakuelewa ukisema umepewa daftari ukaachwa nalo. Nitakujibu kwa urefu, soma taratibu, pengine kwa siku mbili.

Nianze na hapo uliposema usalama ni gambuti, aproni na kofia. Hapo ndo karibu kila mtu anaanzia, mabosi wengi pia, na ndo maana watu wanaumia kila mwaka wakiwa wamevaa kila kitu. Vifaa vya kujikinga ni kitu cha mwisho kwenye foleni, nitakuonyesha kwa mfano wa huku kwetu.

Chukulia mwalo, yaani sehemu ya ufukweni watu wanaposhukia ziwani, wenye mamba. Mamba kuwepo majini hicho ndo kinaitwa kihatarishi, kitu chenye uwezo wa kudhuru. Mama anaeshuka kuchota maji giza likianza kuingia, yuko peke yake, ameinama na ndoo, huyo uwezekano wake wa kudhurika ni mkubwa, wakati mtu aliekaa juu ya jiwe anaota jua uwezekano wake ni mdogo, na mamba ni yuleyule mmoja. Sasa kijiji kifanyeje? Dawa kubwa kuliko zote ni bomba lifike kijijini, mtu asishuke kabisa ziwani kuchota. Bomba halijafika, chimbeni kisima. Kisima hamna, jengeni kizimba cha vyuma pale majini, mama achotee ndani mamba abaki nje. Kizimba bado hela hazijatosha, basi wekeni utaratibu, watu wachote mchana, waende wawili wawili, watoto wasitumwe. Na kama vyote hivyo havijafanyika ndo unampa mama panga. Panga ndo gambuti zako mdogo wangu. Ni heri alie nalo kuliko asie nalo, lakini ona limekaa nafasi ya ngapi, na uone pia kwamba panga linamtaka mama aliechoka awe macho kila siku ya maisha yake, bomba halimtaki mtu awe macho.

Huo mpangilio ndo msingi wa hii fani dunia nzima: ondoa hatari yenyewe, ukishindwa badilisha kwa kitu chenye madhara madogo, ukishindwa itenge na mtu kwa kizuizi au mtambo, ukishindwa panga namna ya kufanya kazi, na mwisho mvalishe mtu. Ukienda sehemu yoyote ukakuta wamerukia kuvalisha watu bila kujiuliza hayo manne ya mwanzo, jua kazi haijafanyika, hata kama kuta zimejaa mabango.

Sasa tuingie chumba chako cha minofu maana nakijua. Kwenye saa nane mchana hivi sakafu imeshakuwa na maji, mafuta ya sangara na magamba, na kila siku kuna mtu anateleza, wengi hawaumii wanacheka wanainuka, siku moja mtu anaanguka na kisu mkononi. Ukiuliza kwanini ameanguka utaambiwa hakuwa makini. Usikubali hilo jibu, uliza tena. Kwanini pana maji? Kwasababu mtaro hauvuti. Kwanini hauvuti? Wavu wa mtaro umeziba magamba. Kwanini haujazibuliwa? Unazibuliwa mwisho wa shifti tu. Kwanini mwisho wa shifti tu? Kwasababu zamani kulikuwa na watu wawili wa usafi sasa kabaki mmoja na anashika vyumba viwili. Umeona tulipofika? Tulianza na mtu asie makini tumefika kwenye mpango wa wafanyakazi, na hapo pana dawa kadhaa za bei ndogo, wavu uzibuliwe kila baada ya masaa mawili na aandikwe jina alieuzibua, au meza ile ya kukatia iwekewe ukingo wa kukusanya magamba yasifike chini kabisa. Gambuti mpya zinakuja baada ya hapo, na zinahitajika kweli, nitazirudia.

Kisu nacho. Watu wanadhani kisu kikali ndo cha hatari, wakata minofu wa muda mrefu watakwambia kisu butu ndo kinakata watu, kwasababu unakikandamiza kwa nguvu kikiteleza hakijui samaki wala kidole. Kwahiyo kunoa visu ni suala la usalama, sio la kuongeza kilo tu. Mkono usioshika kisu unatakiwa glavu ya nyuzi za chuma, ile inayoonekana kama wavu, na hiyo ni kifaa kinachofanya kazi kweli. Lakini angalia vidole vya wenzako baada ya masaa matatu kwenye barafu, vimekufa ganzi, mtu anajikata anakuja kugundua akiona damu kwenye minofu. Glavu haiwezi kumaliza hilo. Kinachomaliza ni watu kuzungushwa, waliopo kwenye barafu wahamie kupanga makasha wengine waje, na mapumziko mafupi sehemu yenye joto na kitu cha moto cha kunywa. Kiwanda kinachosema hakina muda wa dakika kumi za chai kinakuwa na muda wa kumpeleka mtu hospitali ya Sekou Toure kushonwa.

Nikwambie kitu kimoja nilichokiona kwa macho. Kiwanda sitakitaja. Shifti ya usiku, karibu saa kumi alfajiri, wanaosha mashine ya kuchuna ngozi, ile yenye roli la meno madogo madogo na bapa la kisu mbele yake. Kijana mmoja amezima kwa kitufe chekundu, amepiga magoti upande wa nyuma anatoa ngozi zilizonasa kwa vidole kwasababu mpira wa maji haukuwa na presha ya kuzitoa. Mwenzake anakuja na brashi upande wa mbele, hamuoni maana mashine imemzidi urefu, anataka roli ligeuke kidogo aoshe upande mwingine, anabonyeza kijani. Hakuna kelele kubwa iliyotokea, ndo kitu ninachokumbuka, mashine ilibadilisha sauti kidogo tu kama imekula samaki mnene. Kijana alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa na gambuti, aproni, kofia, glavu, vyote.

Ripoti iliandikwa mistari minne na sababu ikaandikwa uzembe wa mfanyakazi. Iliniuma, na mpaka leo nikiona neno uzembe kwenye ripoti ya ajali naanza upya kuuliza maswali. Uzembe wa nani? Kitufe kilikuwa kinaweza kubonyezwa na mtu yeyote wakati mwingine mkono wake uko ndani. Presha ya maji ilikuwa ndogo kwa wiki kadhaa na kila mtu anajua. Walikuwa kwenye saa ya tisa ya shifti. Dawa yake ilikuwa kufuli. Swichi kuu ya ile mashine inazimwa, inafungwa kwa kufuli la shilingi elfu chache, funguo inakaa mfukoni kwa yule anaeosha na jina lake linaning'inia kwenye kufuli, wakiosha watatu yanafungwa makufuli matatu, mashine haiwaki mpaka wa mwisho atoe mkono wake na kufuli lake. Baada ya kuzima unajaribu kuwasha kwanza uhakikishe kweli imekufa, ndo unaingiza mkono. Kama kwenu hamna huo utaratibu, hicho kiandike ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kabla ya kitu kingine chochote.

Kitu cha pili ukurasa huohuo ni gesi. Viwanda vingi vya samaki vinagandishia kwa amonia, unaijua ile harufu kali ya kuchoma pua inayokuja mara moja moja kutokea chumba cha mitambo. Amonia inatafuta maji, na mwilini maji yapo machoni, puani, kooni na kwenye ngozi yenye jasho, ndo inapochoma kwanza. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayotafiti usalama na afya kazini, imeweka kikomo cha sehemu 25 kwenye milioni moja ya hewa kwa mtu anaeshinda nayo siku nzima ya kazi, na ikifika 300 wanaihesabu ni hatari ya papo kwa papo kwa uhai. Pua yako inainusa mapema kabla haijafika huko na hiyo ni bahati, ila bahati hiyo inapotea kwa kuzoea, mtu aliekaa nayo muda pua inachoka anaona kawaida. Kwahiyo ukiinusa imezidi usiende kuangalia inatoka wapi, hiyo kazi ni ya mafundi waliofundishwa na wenye mitungi ya hewa mgongoni. Nyie tokeni, na mtoke kwa kukata upepo kwenda pembeni na kuelekea unakotokea upepo, msikimbie kuelekea unakokwenda maana gesi itakwenda na nyie. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote hapo. Alieingiwa machoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi hata kama analia anasema inatosha, ndo apelekwe hospitali.

Sasa kesho ukifika hesabu milango. Chumba chenu kina milango mingapi ya kutokea? Mmoja wapo umezibwa na makreti? Umefungwa kwa kufuli ili watu wasiibe mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki? Hilo la mwisho nimelikuta zaidi ya mara moja na nililisemea kwa sauti, mlango wa dharura haufungwi kwa kufuli hata kama nyuma yake pana dhahabu ya Geita. Na chumba cha baridi, jifungie humo mwenzako akiwa nje umejua anakusubiri, ujaribu kufungua kwa ndani. Ukishindwa kufungua umeshapata kitu cha kuandika.

Kwa watu wa usafi nina ombi moja. Ile klorini ya kuoshea sakafu isichanganywe na ile dawa nyingine ya asidi ya kutolea madoa, watu wanachanganya wakidhani itasafisha zaidi, kinachotoka ni gesi ya klorini na inaingia moja kwa moja kwenye mapafu. Wala isichanganywe na kitu chenye amonia. Na dawa yoyote isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata kwa dakika tano.

Mpaka hapa nimeongelea ajali, vitu vinavyotokea ghafla mtu anapiga kelele. Lakini nataka ujue kitu ambacho wengi hawakijui. Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwenye makadirio yake ya 2023 linasema karibu watu milioni 3 wanakufa kila mwaka kutokana na kazi zao, na katika hao kama milioni 2.6 wanauliwa na magonjwa yanayotokana na kazi, ajali zenyewe ni kama laki 3 na elfu 30. Yaani ajali ndo tunayoiona ila kinachomaliza watu kinaingia polepole, kwa vumbi, kwa moshi, kwa masaa marefu ya kazi yanayochosha moyo, na mtu anakuja kufa nyumbani miaka 15 baada ya kuacha kazi hakuna anaeunganisha. Ndo maana jina lenyewe ni usalama NA afya, na hilo neno la pili tunalisahau.

Huku kwetu mfano uko wazi kabisa kwa wale ndugu zetu wanaoponda kokoto. Mwanza ni mji wa mawe, na haya mawe ya granaiti yana madini ya silika ndani, ukiyaponda linatoka vumbi laini mno usiloliona kwa macho, linakaa ndani kabisa kwenye mapafu halitoki, linaweka makovu taratibu. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauponi, na alienao anapata kifua kikuu kirahisi kuliko mtu mwingine. Namuona mama amekaa chini ya mwamvuli na mtoto mgongoni anaponda na najua kwamba kumwagia maji lile rundo la mawe kabla ya kuponda kungepunguza vumbi kwa kiasi kikubwa, ndoo moja tu ya maji, lakini hakuna aliemwambia kwasababu yeye hana mwajiri wala supavaiza wala mwakilishi mwenye kizibao. Wavuvi nao hivohivo, mtu anasimama kwenye maji ya ufukweni kila siku anavuta nyavu, anapata kichocho, anakojoa damu au anaumwa tumbo miaka, na akienda zahanati hasemi kazi yake na haulizwi.

Kuna daktari wa Italia aliitwa Bernardino Ramazzini, mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na aliwaambia madaktari wenzake wakimuuliza mgonjwa maswali yao ya kawaida waongeze moja: unafanya kazi gani? Ni zaidi ya miaka 300 sasa na bado hilo swali linasahaulika. Kwahiyo waambie wenzako wakienda hospitali waseme wenyewe bila kusubiri kuulizwa, mimi nasimama masaa tisa kwenye maji ya barafu, mimi nachomelea mageti, mimi niko chumba cha kompresa.

Kwenu kiwandani haya ya polepole ni yapi? Mabega na viganja vya wakata minofu, kurudia mkato uleule mara elfu kwa siku, mtu anaanza kusikia ganzi usiku anaamka anapunga mkono. Meza zote urefu mmoja wakati watu hawalingani, mfupi ananyanyua mabega shifti nzima, mrefu anainama, na kibao cha kusimamia cha mbao au plastiki kinamaliza nusu ya tatizo. Kelele pia, kikomo kinachotumika sehemu nyingi ni desibeli 85 kwa masaa 8, kipimo huna ila kuna kipimo cha mtaani, kama mtu yuko umbali wa mkono na inabidi umpazie sauti ndo akusikie basi hapo kelele imezidi na masikio yanakufa kidogo kidogo, na sikio likifa halifufuki. Na kuna lingine wanawake huwa wanalinyamazia, msimamizi anaetaka kitu ndo akupangie shifti nzuri. Hicho ni kihatarishi sawa na gesi, kinavunja mtu, na wewe kama mwakilishi ukiletewa hilo likae siri mpaka mhusika mwenyewe akubali lipelekwe mbele.

Sheria nitaipita haraka, ujue tu ngazi umeshika wapi. Zamani tulikuwa na sheria ya viwanda ya mkoloni ya mwaka 1950, ikaondolewa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, hiyo ndo inayotumika Tanzania Bara na wanaoisimamia ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana ofisi ya kanda hapahapa Mwanza. Sheria hiyo inataka sehemu ya kazi isajiliwe, ikaguliwe, wafanyakazi wapimwe afya, na inamtambua mwakilishi wa usalama na afya, yaani wewe. Hicho kizibao hujapewa kwa hisani. Mwambie supavaiza kwa upole kwamba unaomba mafunzo, OSHA wanafundisha wawakilishi, na andika hiyo barua ubaki na nakala.

Na mtu akiumia? Huduma ya kwanza, hospitali, alafu karatasi, na karatasi ndo watu wanapopotezea haki zao. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianzishwa kwa sheria ya 2008 ukaanza kazi 2015, anaechangia ni mwajiri peke yake, ukiona umekatwa kwenye mshahara kwa ajili ya WCF uliza. Unalipia matibabu, unalipa mtu akiwa nje ya kazi kwa kuumia, unalipa ulemavu wa kudumu, na mtu akifariki unalipa wategemezi na msaada wa mazishi. Lakini taarifa itolewe mapema, aliyeumia amwambie mwajiri siku hiyohiyo na kwa maandishi, na ukipita muda wa miezi 12 bila taarifa haki inaweza kupotea kabisa. Yule kijana wa vidole viwili alikuwa kibarua wa siku, na wakati ule hakuna alieandika hata jina lake kwenye daftari la getini. Kwahiyo waambie vibarua wenu watunze kila kitu, mesej ya malipo, picha ya daftari la mahudhurio, jina la aliempokea. Magonjwa ya kazi nayo yanalipwa, sio ajali tu.

Daftari lako litumie hivi. Tarehe, saa, sehemu gani, umeona nini, umemwambia nani, amejibu nini. Basi. Usiandike fulani mzembe, andika wavu wa mtaro namba mbili umeziba saa 8:15, nimemwambia supavaiza, amesema atatuma mtu. Kesho yake andika ametuma au hajatuma. Andika na zile za nusura, mtu kateleza hakuumia, kreti limedondoka hakuna aliekuwa chini, hizo ni za thamani kuliko ajali yenyewe kwasababu zinakuja kukuonyesha tundu kabla mtu hajatumbukia. Watu hawatakwambia za nusura kama wanajua ukisema jina lao linaenda ofisini, kwahiyo mwanzoni usiandike jina la alieteleza, andika mahali tu. Na mara moja kwa wiki zunguka, usiende na orodha ya kukagua watu wamevaa nini, nenda kaulize kila mtu swali moja, kwenye hii kazi yako kitu gani kinakutisha? Yule mzee wa mapanki (mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu) mlangoni, dada wa kufunga maboksi, waulize usikilize mpaka mwisho. Wao wanajua vitu ambavyo mkaguzi hawezi kuviona kwa ziara ya nusu siku.

Ukipeleka kwa mabosi usipeleke lawama, peleka tatizo na dawa yake na bei yake. Makufuli kumi bei hii, vibao vya kusimamia fundi seremala anataka bei hii. Meneja mwenye picha na bei mkononi anakosa sababu ya kusema tutaangalia.

Sasa la kukataa kazi ya hatari, najua ndo linalokukosesha usingizi. Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi alieondoka kwenye kazi kwasababu ana sababu ya msingi kuamini pana hatari kubwa ya karibu kwa uhai au afya yake asiadhibiwe kwa hilo, na tangu Juni 2022 mahali pa kazi salama na penye afya pamewekwa kwenye haki za msingi kabisa za kazi pale ILO, meza moja na kukatazwa utumwa na ajira za watoto. Hiyo ni misingi. Kwenye sakafu ya kiwanda namna unavyokataa ina uzito wake pia. Usiseme sifanyi, ukaondoka. Sema, bosi hii mashine haijafungwa kufuli, naomba ifungwe nitaosha sasa hivi, mi niko hapahapa. Umekataa hatari, kazi hujaikataa. Awepo shahidi mmoja, uandike saa. Akikulazimisha panda ngazi ya juu yake, kama mna chama cha wafanyakazi mwambie mtu wa tawi, na ikishindikana OSHA wanapokea taarifa. Sitakudanganya kwamba hakuna alieonewa kwa kusema, wapo, ndo maana nasisitiza maandishi na mashahidi, na ndo maana ni bora mseme mkiwa watano kuliko mmoja.

Na hizo gambuti zako. Gharama ya vifaa vya kujikinga ni ya mwajiri, huo mkataba wa 155 unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote, usije ukakubali kukatwa. Zigeuze uangalie soli, kama mistari haionekani tena hizo kwenye sakafu ya mafuta ni sawa na kutembea peku kwenye sabuni, alafu viatu vya mtu mwingine vinakuletea fangasi na kama si saizi yako vinakuangusha vyenyewe. Usingoje barua ya mafunzo ijibiwe. Kesho asubuhi kabla ya kuingia minofu pita stoo uzirudishe, taja saizi yako, usaini mpya, na hiyo nayo uiandike kwenye daftari.